Bango Lisilosema Wapi

Kwenye korido yetu ya ghorofa ya pili kuna ukimya ambao bado hatujauzoea. Zamani, kuanzia saa mbili kasorobo asubuhi, zilisikika soli za raba zikikwaruza sakafu, zikienda, zikirudi, zikisimama ghafla mbele ya mlango wa mtu, kisha zikienda tena kabla mwenye mlango hajapata kuitika. Nyuma yake ilifuata sauti ya selotepu ikivutwa na kukatwa kwa meno. Mtu aliyekuwa anafundisha alijua, bila kuchungulia, kwamba ukutani pana karatasi mpya. Sasa kuta ziko tupu. Zimebaki alama za gundi, miraba midogo yenye rangi ya chai, na wala hakuna aliyetoa amri zisuguliwe.

Mwenye viatu hivyo tulimwita Kiguu-na-Njia. Hakuwa mhadhiri. Alikuwa mratibu wa ajira wa Kitivo cha Sanaa na Insia, yaani mtu aliyelipwa kuwaunganisha wanafunzi wa historia, lugha, fasihi na falsafa na watu wa kuwapa kazi. Ofisi yake ilikuwa chumba namba kumi na nne, chumba chembamba kilichowahi kuwa stoo ya karatasi za mitihani, chenye meza moja, viti viwili na dirisha linalotazama paa la karakana ya wahandisi. Kiti cha wageni kilikuwa kimebonyea. Chake yeye kilibaki kipya miaka minne, kwa sababu hakukikalia. Simu aliipokea wima, chakula alikila wima, barua alizisoma akitembea. Mwanafalsafa wa kamati yetu, kamati ya wahadhiri tuliomsaidia, ambaye yeye hupenda kukaa, alimwambia siku moja kwamba anamkumbusha kuku anayetafuta pa kutagia.

"Na wewe unanikumbusha yai," alimjibu, akapita.

Alilelewa na mama peke yake, fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa karakana. Aliposhinda mitihani na kwenda kusoma historia, fundi aliwatangazia wateja wote. Aliporudi na shahada, cheti kilitiwa fremu na kutundikwa juu ya cherehani, mahali ambapo mteja anayepimwa kiuno hana budi kukiona. Basi wakawa wanakiona, na wakawa wanauliza. Msomi yuko wapi? Bado yuko nyumbani? Mama mmoja mnene, mteja wa siku nyingi, aliuliza huku mikono yake imeinuliwa apimwe kifua: "Na hiyo historia, fundi, huliwa na mboga gani?" Fundi, pini zimejaa mdomoni, alicheka naye. Mteja alipotoka alishona kwa hasira mpaka sindano ikavunjika.

Hali hiyo ilidumu miaka mitatu. Kila asubuhi binti alivaa kama mtu anayewahi kazini, akatoka na bahasha zake, akazunguka mjini kutoka mapokezi hadi mapokezi, kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa ni kukaa chini ya cheti kile na kulisikia swali lile. Nadhani ndipo miguu yake ilipojifunza kutotulia. Mwili ukishazoea kukimbia jambo, huendelea kulikimbia hata likiwa limebaki nyuma.

Mwishowe akapata kazi ya kupokea simu za malalamiko katika shirika la umeme. Baada ya mwaka wakamhamishia idara ya barua, kwa kuwa alikuwa na kipaji ambacho hakuna aliyekijua jina: alichukua barua ya kurasa nne za matusi, akaisoma mara moja, akaandika juu yake mstari mmoja unaosema mwandishi anataka nini. Alituambia alijifunza hilo chuoni, kwa kusoma barua za watu waliokufa. Walio hai ni rahisi zaidi, alisema, maana unaweza kuwapigia simu. Alikaa huko miaka tisa. Chuo kilipotangaza nafasi ya mratibu wa ajira kwa watu wa sanaa, aliomba kabla wino wa tangazo haujakauka.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuandaa Siku ya Ajira ya Sanaa na Insia, mara moja kila mwaka. Mwaka wa kwanza walikuja wanafunzi ishirini na wawili, na sita kati yao walikuja kujikinga na mvua. Mwaka wa pili walikuwa thelathini na tisa. Mwaka wa tatu aliifanyia kwenye ukumbi wa maktaba. Wakafika hamsini na watano, lakini waajiri walikuwa watatu tu, na mmoja wao alidhani ameitwa kuuza vitabu. Alikuja na maboksi. Ukweli ni kwamba wanafunzi wetu hawakuamini kuwa nje ya geti kuna mtu anayewahitaji. Walikwenda kwenye siku ya wahandisi na watu wa biashara, wakasimama pembeni kama wageni wa arusi wasio na kadi, wakapokea kalamu za bure, wakarudi mabwenini.

Mwaka wa nne, wiki saba kabla ya siku yenyewe, Mkuu wa Kitivo alimwita. Mkuu wetu ni mtu wa jiografia, mtu wa ramani na takwimu, tena mtu wa haki. Na mtu wa haki ni mgumu kuliko mkali, kwa sababu habembelezeki. Alimweleza kwamba chuo kinataka siku moja tu ya ajira kwa vitivo vyote. Ameitetea siku ya sanaa mara mbili. Anaweza kuitetea mara moja zaidi, kwa sharti kwamba daftari la mahudhurio liwe na sahihi za wanafunzi mia moja. Zikipungua, siku itaunganishwa na ya wahandisi, chumba namba kumi na nne kitarudi kuwa stoo, na mkataba wake, ambao uliandikwa kwa ajili ya siku hiyo, hautarefushwa.

"Tisini na tisa je?" aliuliza.

"Nikikubali tisini na tisa, utaniuliza tisini na nane."

Alisema hewala, akatoka. Tulizisikia raba zake zikienda hadi mwisho wa korido, zikarudi, zikaenda tena.

Kuanzia siku hiyo hakupumzika wala hakutupumzisha. Mama yake, ambaye sasa alikuwa anaishi kwake na bado anashona, alimwona akizunguka meza ya chakula na kijiko mkononi, akamwambia akae, hata cherehani hupumzika. Akajibu kwamba cherehani ina wa kuipumzisha.

Alianza na waajiri. Alikuwa na orodha ya ofisi thelathini, na hakupiga simu hata moja, kwa sababu simu, alisema, ina kidole cha kuikata. Alikwenda kwa miguu. Walinzi wa mageti wakamzoea. Katika ofisi moja alingoja muda wa saa tatu akaambiwa bosi yuko kikaoni. Akasema atangoja kikao kiishe. Akaambiwa kikao ni cha siku mbili. Akarudi kesho yake na mkate wake kwenye mfuko. Aliyoyapata mengi yalikuwa tabasamu na kadi za anwani. Lakini pale mamlaka ya maji yalitokea mambo ambayo baadaye aliyasimulia kwa kamati akiwa anazunguka meza yetu, nasi tukizungusha shingo kumfuata.

Aliyempokea alikuwa mkuu wa huduma kwa wateja, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni. Alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia, "Dada yangu, sisi tunahitaji watu wa mabomba. Watu wa mashairi tutawapeleka wapi?"

Ukutani nyuma yake lilikuwa limebandikwa tangazo. Kiguu-na-Njia akaomba ruhusa, akalisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa barua. Lilisema wateja wanaarifiwa kuwa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo, huduma itasitishwa katika baadhi ya maeneo kwa muda utakaolazimu.

"Mimi naishi nyuma ya soko," akasema. "Nijaze ndoo au nisijaze?"

Mama wa maji akageuka. Akavaa miwani, akasoma. Akainuka akaenda meza ya pili kuuliza, akaenda ya tatu. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake. Akamwambia kwamba amemkamata, na kwamba tangazo hilo limekaa hapo siku tisa na limepigiwa simu mia nne. Akakubali kuja. Kwa mama huyo wakaongezeka wengine: watu wa mahakama wanaotafuta wakalimani, kituo cha redio, mchapishaji wa vitabu vya shule, idara ya kumbukumbu ya hospitali, makumbusho, gazeti, na shirika linaloandika miongozo ya wakulima. Waajiri wanane. Ulikuwa ushindi ambao hatukuwahi kuuona.

Ikabaki kuwaita wanafunzi, na hapo ndipo tulipoingia sisi wanakamati.

Tulikuwa watatu pamoja naye wa nne: Mwanahistoria, Mwanafalsafa, na mimi wa fasihi. Kazi tuliyopewa ilikuwa moja, kuandika maneno ya bango. Yeye alituletea rasimu yenye mistari sita, imepigwa chapa kwa dakika kumi. Chini kabisa iliandikwa kwamba mahali patatangazwa, kwa sababu ukumbi ulikuwa bado haujathibitishwa. Tungeiacha hivyo hivyo tungelala usingizi. Lakini mpe mwanafasihi mistari sita uone.

Tulikutana mara nane. Mwanafalsafa hakukubali bango liseme "Njoo upate kazi", kwa kuwa hatuwezi kuahidi kazi. Akataka liulize swali. Mimi nilisema swali lake ni zito kuliko karatasi yenyewe. Mwanahistoria aliutoa mstari wa mahali, akisema waraka usitaje jambo ambalo mwandishi wake halijui, na kwamba utarudishwa ukumbi ukipatikana. Ukumbi mkuu ulipatikana siku ya Alhamisi. Kufikia Alhamisi hiyo sisi tulikuwa kwenye rasimu ya kumi na nne, tunagombana juu ya sentensi ya kwanza, na kila mmoja akipewa karatasi alitafuta sentensi yake tu, kama mzazi anavyotafuta uso wa mwanawe kwenye picha ya darasa zima. Wahenga walisema nahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi chombo chetu kilienda vizuri sana. Kilikosa bandari tu.

Yakachapwa mabango mia mbili. Yalikuwa mazuri, hilo nalisema hata leo. Yalikuwa na tarehe, siku ya Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi hadi saa saba, majina ya waajiri wanane, na namba ya simu ya chumba kumi na nne. Aliyabandika yote mwenyewe kwa siku mbili, chuo kizima, hadi jengo la masomo ya jioni lililo nje ya uzio, ambako husoma watu wazima wenye kazi zao mchana.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mama anayesafisha korido yetu amesimama mbele ya bango, ufagio umeegemea bega, kidole chake kinashuka mstari kwa mstari. Alinisalimu, akaniambia jambo letu ni zuri, akauliza linafanyikia wapi. Nikamwambia imeandikwa hapo.

"Nionyeshe, mwalimu," akasema.

Nilisoma kutoka juu hadi chini. Nikasoma tena kutoka chini kwenda juu. Ninafundisha watu kusoma kwa mwaka wa ishirini na moja.

Nilikwenda chumba kumi na nne. Alikuwa kwenye simu, wima, akichungulia paa la karakana. Nikamwambia. Akaiweka simu chini bila kumuaga aliyekuwa upande wa pili, na kwa mara ya kwanza nikamwona akikaa. Kiti kililia kama viti vipya vinavyolia. Nilijua anachokiwaza, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiwaza: lile tangazo la mamlaka ya maji, na mwanamke aliyesimama mbele yake akiuliza ajaze ndoo au asijaze.

Mara mlango ukagongwa. Wasichana wawili wa mwaka wa tatu waliingiza vichwa, wakaomba radhi, wakasema wameona bango na hawakuelewa ni wapi.

Akaniangalia. Kisha akawaangalia wao, akainuka. Aliwaambia ni ukumbi mkuu, lakini hakuwaacha waende. Akamuuliza wa kwanza anasoma nini. Lugha. Akamuuliza ni kazi gani anaifanya vizuri bila kuambiwa. Msichana akafikiri, akasema nyumbani kwao baba na mama hawasemezani, na yeye tangu utoto humweleza kila mmoja mwenzake kasema nini, bila kutia chumvi. Kiguu-na-Njia akavuta daftari, akaandika jina lake, na mbele yake akaandika: mahakama, ukalimani.

Walipotoka aliniambia kwamba kwa miaka mitatu amepiga kelele kuhusu siku hii, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kumwuliza kitu chochote. Hao wamefikisha kumi na watatu tangu asubuhi. Hakuwa ameelewa kwa nini wanakuja.

Kamati ilikutana saa hiyo hiyo. Sisi tulitaka tuchukue kalamu nene, tuzunguke, tuandike ukumbi kwenye kila bango kabla jua halijazama. Yeye akatuomba siku mbili. Wanaouliza, alisema, anawaona uso, anawajua, na Ijumaa atamshika kila mmoja mkono ampeleke kwenye meza yake. Asiyeuliza atakuja kama wa miaka yote: atasimama mlangoni, ataona watu wenye tai, atarudi.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Mwanahistoria akamwonya.

"Matumbo yenyewe ni yangu."

Jumatatu na Jumanne waligonga mlango ule wanafunzi sitini na mmoja. Foleni ilifika kwenye ngazi. Kila mmoja alikuja na swali moja akatoka na kazi ya kufikiria. Jumatano asubuhi, kama alivyoahidi, alitugawia kalamu na maeneo. Yeye alichukua madarasa makubwa na mabweni, Mwanahistoria akachukua utawala na mgahawa, mimi maktaba na ngazi zake. Mwanafalsafa alipewa jengo moja tu, lile la masomo ya jioni. Alilikuta limefungwa. Akakaa kwenye benchi kumngoja mwenye ufunguo. Mwanafunzi akapita, akamwuliza jambo kuhusu insha yake. Wakazungumza hadi jioni. Na alipoinuka, akaenda nyumbani akiwa na furaha, kalamu mfukoni. Hayo tuliyajua baadaye.

Ijumaa ilikuwa siku njema. Meza nane zilipangwa ukumbini kwa duara, na mlangoni alikaa karani wa Mkuu na daftari la mahudhurio. Kiguu-na-Njia alikuwa na orodha yake ya watu sitini na mmoja, na alivyoahidi ndivyo alivyofanya: alimshika kila mmoja kiwiko, akamvusha ukumbi, akamkabidhi mezani kama mtu anayepeleka mtoto shule siku ya kwanza. Msichana wa lugha alikaa na watu wa mahakama dakika arobaini. Mama wa maji alikuja na matangazo yake matano mabaya kuliko yote, akawapa wanafunzi wayaandike upya; meza yake ikawa na foleni na vicheko. Mimi niliona mvulana wa falsafa, ambaye darasani hajawahi kufungua mdomo, akimweleza mtu wa redio kwa nini kipindi chake cha asubuhi kinawachosha watu.

Ilipofika saa sita, daftari lilikuwa na sahihi tisini na moja. Saa sita na nusu, tisini na nne. Halafu njia ikawa tupu. Yeye alisimama mlangoni akiitazama, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Akatoka hadi kwenye kona, akarudi. Akatoka tena. Mtu yeyote aliyepita mbali na begi mgongoni alimfanya anyooshe shingo. Waajiri walianza kukusanya karatasi zao. Saa saba kamili karani alipiga mstari chini ya jina la mwisho, akaacha daftari wazi, akaenda kunywa maji.

Mwanahistoria alimsogelea. Ni mtu mwema, na alikuwa ametokwa na jasho. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mstari ule umepigwa kwa penseli, kwamba majina sita si kitu, kwamba tunawajua wanafunzi sita ambao wangekuja kama wasingekuwa na jaribio la saa tano.

"Wewe?" akamwuliza. "Wewe uliyemrudishia mtoto wa watu insha yake kwa sababu ya tarehe moja ya kubuni?"

"Ile ilikuwa historia."

"Na hii ni nini?"

Hata hivyo aliichukua kalamu. Niliona. Aliishika juu ya karatasi, na mguu wake wa kulia ulikuwa unagonga sakafu, haraka, haraka, kama cherehani. Juu ya mstari wa penseli yalikuwapo majina ambayo alikuwa ameyaandika kwa mkono wake katika daftari lake mwenyewe Jumatatu na Jumanne, na kila jina aliujua uso wake. Akaiweka kalamu. Akafunga daftari, akalipeleka kwa Mkuu wa Kitivo yeye mwenyewe, kabla karani hajarudi.

Mkuu alihesabu mara mbili. Mara ya pili alianzia mwisho, na naamini alikuwa anatafuta kosa.

"Ni tisini na nne," akasema.

"Najua, mzee."

Jumatatu iliyofuata mtu wa maktaba alimwuliza Mwanahistoria ni mkutano gani ule wa Ijumaa uliokosa mwenyeji. Wanafunzi tisa wa masomo ya jioni, watu wazima, walikuwa wamekaa katika ukumbi wa maktaba tangu saa tatu kasoro dakika tano. Walikuwa na bango, wamelibandua kwenye jengo lao. Kwa kuwa halikusema wapi, walikwenda mahali siku hiyo ilipofanyikia mwaka uliotangulia. Kila mmoja alikuwa ameomba ruhusa kazini. Walingoja hadi saa nne na robo, wakaondoka.

Tisini na nne, na tisa. Mtoto wa darasa la pili angejumlisha.

Tulikutana ofisini kwa Mwanafalsafa, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa amesimama. Alikuwa ameitoa ile kalamu nene mfukoni, anaigeuzageuza. Tulikwenda kwa Mkuu sote watatu, tukaeleza. Alitusikiliza hadi mwisho, akatuuliza walitia sahihi wapi. Hawakuwa wametia popote, na yeye hakuwa na furaha ya kutuuliza.

Basi tukaenda chumba kumi na nne kumwambia mwenyewe, maana tuliona ni haki yake asikie kutoka kwetu. Tulimkuta anapanga vitu kwenye boksi: daftari, mkasi, roli tatu za selotepu. Akatuambia kwamba anajua tangu Jumamosi. Mmoja wa wale tisa alikuwa amepiga simu kwa namba iliyo kwenye bango.

Mwanafalsafa akamwuliza kwa nini hakusema.

"Nimwambie nani?" akajibu. "Ninyi mliusahau mstari. Mimi niliujua haupo, nikauacha siku mbili. Jengo lile Jumatatu lilikuwa wazi, kaka yangu. Jumanne pia lilikuwa wazi."

Kila mmoja wetu alitaka kubeba lawama yote peke yake, na yeye hakutuachia hata hilo. Tangu siku ile nimeligawa kosa lile mara nyingi, kwa wanne, kwa watatu, kwa wawili, na kila mara hubaki kipande kisichogawanyika. Bila ule mstari kusahaulika, wasingekuja wale sitini na mmoja kugonga mlango. Kwa ajili ya ule mstari kusahaulika, wakakaa wale tisa ndani ya maktaba wakitazama mlango. Hapo ndipo huishia hesabu yangu.

Kisha akatupa karatasi. Ilikuwa na majina tisa, na mbele ya kila jina palikuwa na mahali pa kwenda. Jumapili nzima alikuwa amewapigia simu mmoja mmoja. Wanne alikuwa ameshawapeleka kwa mama wa maji kwa miguu yake asubuhi ile, kabla ya kuja kufunga boksi.

Unga wake ulimwagika mwisho wa mwezi. Siku ya ajira sasa ni moja, ya vitivo vyote, na wanafunzi wetu wana meza kwenye kona karibu na mlango wa nyuma. Karatasi za mitihani zimerudi chumba kumi na nne. Msichana wa lugha ni mkalimani wa mahakama. Fundi cherehani bado anashona, na akiulizwa na wateja historia huliwa na mboga gani, hujibu kwamba huteremshwa na maji. Mtaani kwangu matangazo ya kukatika kwa maji yamebadilika: mstari wa kwanza ni mahali, wa pili ni saa, wa tatu unakuambia ujaze ndoo ngapi.

Kiguu-na-Njia yuko mamlaka ya maji, ghorofa ya chini, chumba cha kwanza kushoto ukitoka mapokezi. Anaingia kazini saa mbili kasorobo.